Mtoto Asiyeamkia

Hotuba kwa walimu, wazazi, waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto, Mwanza

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi waandishi na wachoraji mliosafiri usiku kucha kutufuata huku kwenye mawe yetu: mwangaluka! Mnaoitikia kwa kusitasita, mwulizeni aliyekaa kando yenu, hapa Mwanza hamtakosa Msukuma wa kuwasaidia.

Nimepewa dakika ishirini. Mwalimu mstaafu ukimpa dakika ishirini, kumi za mwanzo anaita mahudhurio. Nitajitahidi. Mliokaa nyuma mnisamehe pia kwa spika, tumepunguza sauti kwa makusudi, na sababu yake mmeshapishana nayo mlangoni.

Pale kwenye ngazi yupo mjukuu wangu, anapanga visoda. Wengi wenu mlipoingia mlimsemesha: "Hujambo, baba?" Hakujibu. Dada mmoja akamwambia mwenzake, nami nikasikia, "Watoto wa siku hizi hawaamkii watu." Simlaumu. Miaka kumi iliyopita ningesema hivyohivyo, na mimi ningemfinya sikio kabisa.

Ana miaka tisa. Ana usonji. Nami nimeitwa hapa kusema namna watoto kama yeye wanavyoandikwa katika vitabu vya watoto.

Watu wengi wakianza habari hii husema kwamba katika vitabu vyetu vya Kiswahili mtoto mwenye usonji hayumo. Mimi nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka thelathini na moja, na nawaambia yumo. Yumo tele. Hatukumpa jina lake tu. Yeye ndiye yule mtoto mbaya.

Mnamjua. Hadithi ina watoto wawili. Wa kwanza anaamka, anapiga mswaki, anawaamkia wazazi, anakula alichoandaliwa, anakwenda shule. Wa pili haamkii mtu. Akiitwa haitiki. Anachagua chakula. Akipelekwa sokoni anajibwaga chini na kulia mpaka mama anaona haya. Kurasa chache mbele kuna shimo, au nyoka, au mto uliofurika, na chini ya picha ya mwisho imeandikwa: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha yanakuja maswali ya ufahamu. Je, ni nani kati ya watoto hawa mwenye tabia njema? Nimeuliza swali hilo sijui mara ngapi, chaki mkononi, na watoto hamsini wakajibu kwa pamoja. Na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ambalo kwa miaka kadhaa lilikadiria mtoto 1 katika kila 100, shuleni mwangu mlikuwa na watoto wa aina hiyo kadhaa. Walikuwa wamekaa hapohapo, wanasikiliza darasa zima likiwapigia kura.

Tuseme kwanza jambo lenyewe, kwa ufupi, maana wataalamu wapo na watalieleza vizuri zaidi mchana. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza wala si malezi mabaya. Ni namna ubongo ulivyokua tangu mapema sana, na unagusa mawasiliano, kuishi na wenzako, na jinsi milango ya fahamu inavyopokea dunia. Wako wanaoongea sana na wako wasioongea kabisa. Wako wanaohitaji msaada wa kuoga na kuvaa, na wako wanaofundisha vyuo vikuu. Basi.

Ninachotaka kukaa nacho ni shikamoo. Kwetu kosa la kwanza la mtoto ni kutoamkia, na hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapoteleza. Shikamoo ni neno moja, lakini hebu hesabuni kazi zake. Mtoto aache anachokifanya. Atambue kwamba huyu aliyeingia ni mtu wa kuamkiwa, na ampime umri: shikamoo, au mambo? Aseme kwa wakati wake, asiwahi wala asichelewe, na kwa sauti inayofaa. Halafu asubiri marahaba, na maswali ya shule yanayofuata. Kwa mtoto mwenye usonji huo ni mlima wa Bugando akiwa na ndoo ya maji kichwani. Mjukuu wangu anapanga visoda, nawe unataka ashushe ndoo, akupungie mkono na kutabasamu.

Sasa angalieni vitabu vya wenzetu. Vile vinavyotoka Uingereza na Marekani humtambulisha mtoto mwenye usonji kwa macho: hamwangalii mtu usoni. Mchoraji anamchora ametazama kando, msomaji wa kule anaelewa mara moja kwamba hapa pana jambo. Tafsirini kitabu hicho, mkipeleke Misungwi au Magu. Bibi wa kule ataitazama picha na kusema, mtoto huyu ana adabu! Binti anayepiga goti huku akimkodolea macho mkubwa ndiye atakayesemwa. Kwa hiyo alama ya kule inageuka sifa njema huku, na mtoto aliyefichwa anazidi kufichwa. Waandishi wanaonunua hadithi nje na kubadilisha majina tu, John awe Juma, naomba walifikirie hilo. Kumwita Juma hakutoshi. Chakula nacho kina mambo yake. Kule kuna mtoto asiyetaka mbaazi ziguse viazi. Kwetu ni dagaa wenye macho, na ni mlenda. Na kwa Msukuma, mtoto anayetapika akiona mlenda hajakataa mboga, amekataa ukoo.

Nikirudi kwenye methali. Iko nyingine tunayoipenda kuiweka mwisho wa hadithi: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimeiandika ubaoni kwa mwandiko wa kuunganisha, nikajisifu. Sikujua kwamba siku moja itasomwa nyumbani kwangu kama hukumu. Mkwe wangu, mama wa huyu kijana, ameambiwa amemdekeza. Ameambiwa alikula vibaya akiwa na mimba. Ameulizwa alimkosea nani. Alipelekwa kwa mganga mmoja, halafu kwenye maombi, halafu kwa mganga mwingine, na kote huko aliyekuwa anachunguzwa ni yeye, mtoto yuko nje anacheza na kokoto.

Msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii, wavulana 8 na wasichana 3, kwa umakini ambao hata leo ukisoma unamwona mtoto unayemjua. Lakini humohumo akawatazama wazazi akaona ni watu wasio na joto. Ikawa mbegu. Profesa Bruno Bettelheim wa Chicago akaichukua, na mwaka 1967 akachapisha kitabu kizima kilichomtwika mama mzigo huo: mama baridi kama friji ndiye anayemfungia mtoto ndani. Na alichapisha hayo miaka mitatu baada ya Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto wa namna hiyo mwenyewe, kuonyesha kwamba chanzo ni cha kimwili na mama hahusiki. Akina mama wa kizungu walisingiziwa na maprofesa wenye miwani. Mkwe wangu nilipomsimulia hayo alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Akasema, "Kumbe mganga wangu alikuwa nafuu, yeye alitaka kuku tu."

Basi, kule ambako jina limeshajulikana, vitabu vinasemaje? Vimekwenda mbele, tusiwanyime haki yao. Lakini vina mazoea mawili ambayo nisingependa tuyaagize pamoja na vitabu.

Zoea la kwanza ni kumfanya mtoto awe maajabu. Mwaka 2003 Mark Haddon wa Uingereza alitoa riwaya ambayo kwa wakati mmoja ilitolewa toleo la wakubwa na toleo la vijana, kuhusu mvulana wa miaka 15 anayechunguza kifo cha mbwa wa jirani. Mvulana huyo anasimulia mwenyewe, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini ni hodari wa hesabu kupita kiasi, na baada ya hapo dunia ikataka kila mtoto mwenye usonji awe na hesabu zake mfukoni. Mwandishi mwenyewe ameshasema wazi kwamba si mtaalamu wa jambo hilo, ila nani alimsikiliza? Mimi nimeulizwa na watu wazima, wasomi, "Mjukuu wako kipaji chake ni nini?" Kana kwamba ni ada ya kuingilia. Wajukuu wangu wengine wanne hakuna aliyewahi kuulizwa, na nawahakikishia hawana.

Zoea la pili ni baya zaidi kwa sababu lina sura ya wema. Hadithi inasimuliwa na kaka, au dada, au mwanafunzi mwenzake. Mwanzoni anamwonea haya ndugu yake. Katikati linatokea jambo. Mwishoni anampenda. Vizuri sana, lakini tazameni nani amesafiri humo. Ni msimulizi. Mwenye usonji amekaa palepale tangu ukurasa wa kwanza, kama jiwe la Bismarck pale ziwani, wengine wanapiga naye picha. Yeye anataka nini? Anaogopa nini? Anamchukia nani? Kitabu hakina habari.

Mazoea hayo mawili hayakutoka mbali na sisi, tusijidanganye. Bibi yangu alikuwa na hadithi ya mtoto bubu, wengine mmelala nayo mkiwa wadogo kwa namna mbalimbali. Mtoto hasemi. Kijiji kizima kinamcheka. Siku moja simba, au jeshi, au moto unakaribia, watu wamelala, na yule bubu anapaza sauti kwa mara ya kwanza: Amkeni! Wanaokoka, wanamchinjia ng'ombe. Nilikuwa naipenda kuliko zote. Siku hizi siwezi kuimaliza. Maana nimeshamwona mama wa mtoto asiyesema anavyoisikiliza. Anasubiri simba. Kila mwaka anasubiri simba aje, mtoto wake aseme. Na kuna watoto hawatasema maisha yao yote, simba aje asije, na walistahili yule ng'ombe tangu mwanzo. Mwandishi atakayethubutu kumaliza kitabu na bubu wake bado yu bubu, amekaa anakula nyama na wenzake, mimi nitanunua nakala kumi.

Nasema hasemi. Lakini mjukuu wangu anasema, kwa maneno ya makondakta. Tunakaa karibu na kituo cha daladala, amekulia katika kelele hizo. Akitaka kutoka nje anasema, "Buhongwa, Buhongwa, twende!" Hata kama tunakwenda Kirumba. Watu wakimzonga anasema, "Sogeeni nyuma, nafasi ipo." Sauti ni ileile ya konda, na ule ukwaruzaji wake. Vitabu vingi hulieleza jambo hili kwa mstari mmoja: anarudia maneno kama kasuku. Walimu nasi tuliambiana hivyo. Ilituchukua karibu miaka miwili nyumbani kuelewa kwamba kasuku hayupo. Ameokota sentensi nzimanzima, kama unavyookota kokoto za kufaa, na kila moja ameipa kazi. Sisi ndio tulikuwa hatusikii. Angekuwepo mtoto wa namna hiyo katika kitabu kimoja tu cha darasa la tatu, anayesema "nafasi ipo" na wenzake wakajua anaomba hewa, miaka miwili ile ingekuwa wiki mbili.

Kipo kitabu kimoja cha nje nitakachokisifu bila kuuma maneno, na nina sababu ya kienyeji. Mwaka 2020 mwandishi wa Uskoti, Elle McNicoll, ambaye yeye mwenyewe ana usonji, alitoa *A Kind of Spark*. Msichana wa miaka 11, anaitwa Addie, anajifunza darasani kwamba zamani wanawake wa kijiji chake waliuawa kwa kuitwa wachawi. Wenzake wanasahau kengele ikilia. Yeye hawezi. Anajiuliza: kama baadhi yao walikuwa tu watu tofauti, kama mimi, je? Anaanza kupigania kijiji kiwawekee kumbukumbu. Mnaona tofauti? Huyu ana jambo lake analolitaka. Anachoka, anakosea, anakasirika. Usonji wake upo kila ukurasa na wala si shabaha ya hadithi.

Na sasa sababu ya kienyeji. Uskoti walikuwa na sheria ya kuua wachawi kuanzia mwaka 1563 hadi 1736, na mwaka 2022 kiongozi wa serikali yao aliomba radhi rasmi. Sisi wa kanda hii hatuna haja ya kurudi karne tatu. Humu ukumbini wamo watu ambao bibi zao waliuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa mabua na kinyesi cha ng'ombe, kwa sababu kuni zilikwisha. Wamo ambao watoto wao wenye ualbino walilala kwa zamu ya kulindwa. Tunajua vizuri kuliko Waskoti mtu akionekana tofauti nini kinaweza kumfika. Kitabu kile kingeweza kuandikwa Mwanza. Nilipokisoma, msinicheke, niliona wivu.

Mtasema sisi hatuna utamaduni wa kuandika hivyo, kwa utulivu, mambo ya nyumbani. Tunao, na uko hapo ng'ambo ya maji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikakaa miaka 35 mpaka ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Humo mke anasimangwa kwa kukosa mtoto, lakini Kitereza hapigi kelele wala hahubiri. Anakueleza pombe ya ndizi inavyotengenezwa, nani alikaa wapi, nani alisema nini, mpaka simango unalisikia ubavuni. Mtu anayeweza kueleza pombe ya ndizi kwa kurasa kadhaa angeweza kumweleza mtoto anayepanga visoda. Ni subira ileile.

Niwape hadithi bure, sitadai chochote. Msichana, na nasema msichana kwa sababu vitabu vimejaa wavulana, na wasichana hawa huwa tunawaita wapole na kuwasahau. Anakaa Busisi. Tangu ajitambue, asubuhi yake inaanza na honi ya kivuko. Honi, lango linateremka, waenda kwa miguu kwanza, kisha magari. Hapo ndipo anakubali kuvaa sketi ya shule. Juni 2025 linafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji. Nchi nzima inashangilia, na ni haki: gari la wagonjwa lililokuwa likisubiri kivuko usiku sasa linapita kwa dakika chache. Kivuko kinanyamaza. Kesho yake asubuhi msichana havai sketi.

Katika kitabu chetu cha zamani, hapo anapigwa na methali inafuata. Katika kitabu cha kuagiza, anagundua ufa kwenye nguzo ya daraja ambao wahandisi hawakuuona, Rais anakuja kumpa mkono. Mimi nataka baba yake, mchoma samaki, asiye na maneno mengi, ampeleke bandarini Mwanza kusikiliza meli ya Nansio. Wanapanda hiace, kuna kelele, anaziba masikio, konda analalamika. Wanafika. Meli inapiga honi. Siyo ile! Ni nene zaidi. Msichana anaondoka pale amekasirika. Jumamosi inayofuata yeye ndiye anayeshika viatu vya baba na kuviweka mlangoni. Kitabu kinaishia kwenye viatu. Mchoraji, viatu hivyo uvichore vizuri, vina magamba ya sato.

Mambo ya bei ya karatasi na ithibati ya vitabu vya shule wachapishaji watayasema wenyewe, wana kilio chao na nimekisikia tangu nikiwa na meno yote. Ombi langu kwenu ni dogo na linagharimu nauli tu. Kabla muswada haujaenda kwa mhariri, upelekeni kwa mtu mwenye usonji ausome. Wapo watu wazima, wapo wanaoandika. Kama mhusika wenu ni mtoto asiyesema, kakaeni na mmoja siku nzima, msiende na kamera. Na ninyi walimu, kile kitabu cha mtoto mwema na mtoto mbaya msikichome, vitabu havichomwi. Kisomeni kama kawaida, mkifika kwenye maswali muongeze moja: Je, yule mtoto aliyelia sokoni alikuwa amesikia nini? Mimi nililijaribu kwa watoto wa jirani barazani. Mmoja akasema mashine ya kusaga. Mwingine akasema, "Bibi, labda ni wale wanaouza dawa ya panya kwa spika." Nikaungana naye. Mimi mwenyewe nawakimbia wale.

Nilikuwa na ukurasa mmoja zaidi, wa wachoraji na rangi. Lakini mlango uko wazi na mmesikia sauti ile ya konda kutoka kwenye ngazi. Amesema "Shusha!" mara mbili. Ya tatu huwa haifiki, huwa anakuja mwenyewe. Ahsanteni, nashuka.